Kamera ya simu mpya: namna ya kuipima kabla hujalipia mbwembwe

Duka la simu huwa na taa nyingi kuliko chumba chochote cha nyumba yako. Chini ya mwanga ule karibu kila simu inayouzwa leo inatoa picha safi, na muuzaji analijua hilo. Anakukabidhi simu ya maonyesho, anakuambia "piga hapo uone", unapiga ua la plastiki lililo mezani, rangi zinawaka, unaridhika. Tofauti kati ya kamera nzuri na ya wastani hujitokeza kwingine: penye balbu moja, mtoto asiyetulia, na sekunde mbili tu kabla tukio halijapita. Hatua zinazofuata ni za kuipeleka kamera kwenye mazingira hayo ukiwa bado dukani, halafu kumalizia kazi nyumbani kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha.

Hatua ya 1: Ijue kamera unayoihitaji

Fungua galari ya simu uliyo nayo sasa. Pitia picha 100 za mwisho ulizoamua kuzihifadhi, si zile ulizotumiwa. Zigawe kwa haraka: ngapi ni za watu, ngapi za ndani au usiku, ngapi za karatasi na risiti, ngapi ulivuta kwa zuumu, na video ni ngapi. Kisha fungua taarifa za picha moja moja. Kwenye simu nyingi unaitelezesha picha kwenda juu, au unagusa alama yenye herufi i. Utaona ISO (kiasi ambacho kamera imeukuza mwanga ulioingia), kasi ya shata (muda ambao sensa imepokea mwanga) na lenzi iliyotumika. Kama picha zako nyingi zina ISO ya 800 kwenda juu, wewe ni mpigaji wa mwanga hafifu hata kama hujawahi kujiita hivyo, na sifa zote za "zuumu mara 100" hazikuhusu sana.

Jiulize pia picha hizo huishia wapi. Kioo cha televisheni ya 4K kina pikseli, yaani nukta za picha, milioni 8.3; milioni moja ndiyo megapikseli moja. Ukichapisha karatasi nzima ya A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, yaani megapikseli 8.7. Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa sana kabla haijafika. Kwa hiyo megapikseli 12 zenye ubora zinatosha kwa karibu kila kazi ya mtu wa kawaida, na ndiyo maana simu yenye "megapikseli 200" hukupa picha ya megapikseli 12.5 usipogusa mipangilio. Hapo ndipo somo la namba linapoanzia.

Hatua ya 2: Soma karatasi ya sifa kwa mpangilio tofauti na wa muuzaji

Muuzaji huanza na megapikseli. Wewe anza na sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Ukubwa wake huandikwa kwa inchi za ajabu kama 1/1.3 au 1/2.55, na namba ya chini ya mstari ikiwa ndogo, sensa ni kubwa. Usichukue rula. Kipimo hiki kilirithiwa kutoka kwenye mirija ya kioo ya kamera za zamani za televisheni, ambako inchi ilikuwa kipenyo cha nje cha mrija. Ndiyo maana sensa inayoitwa ya "inchi 1" ina upana wa milimita 13.2 na kimo cha 8.8 tu, na ukiipima kona kwa kona hupati hata milimita 16. Hata hivyo hiyo ndiyo miongoni mwa kubwa kabisa kwenye simu. Eneo lake ni takriban milimita za mraba 116. Sensa ya 1/1.3 ina kama 70, na ya 1/2.55 ina kama 24. Kamera ya kitaalamu ya fremu nzima, yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, ina 864. Ukiambiwa simu "imeifikia kamera ya kitaalamu", kumbuka pengo hilo la zaidi ya mara saba, na hapo tunazungumzia simu yenye sensa kubwa.

Hata hayo maneno "sensa ya inchi 1" yasomwe hadi mwisho. Sony Xperia Pro-I ya 2021 ilikuja na sensa ya inchi 1 yenye megapikseli 20, lakini picha ilitoka kwenye megapikseli 12 za katikati tu. Sehemu iliyobaki ya sensa ilikuwa imo ndani ya simu bila kupiga picha.

Sasa megapikseli. Sensa yenye pikseli milioni 200 iliyobanwa kwenye ukubwa wa 1/1.3 ina pikseli zenye upana wa mikromita 0.6 hivi. Mwanga wa kijani wenyewe una urefu wa wimbi wa mikromita 0.55. Lenzi ya f/1.7 (f ni kipimo cha tundu la lenzi), hata ikiwa kamilifu, haiwezi kukusanya nukta ya mwanga huo kwenye doa dogo kuliko mikromita 2.3, kwa sababu mwanga hutawanyika ukipita kwenye tundu lolote. Doa hilo moja linafunika karibu pikseli nne kwa upana. Kwa hiyo pikseli zote milioni 200 haziwezi kukuletea habari tofauti tofauti, hata mchana wa jua kali. Simu hulikubali hilo kimyakimya: huunganisha pikseli 4, 9 au 16 kuwa moja. Sensa ya 50 inatoa 12.5, ya 108 inatoa 12, ya 200 inatoa 12.5. Pikseli hizo nyingi si bure kabisa, maana zinasaidia zuumu ya mara 2 kwa kukata katikati ya sensa, na kazi hiyo zinaifanya vizuri. Ila usilipe ziada kwa sababu ya 200 dhidi ya 50.

Tundu la lenzi, ile f, huzungumzwa kama vile ni sifa ya peke yake. Namba ndogo maana yake tundu pana, na mwanga mwingi kwa kila milimita ya sensa. Lakini f/1.7 kwenye sensa ndogo inakusanya mwanga kidogo kuliko f/1.9 kwenye sensa kubwa. Zisome pamoja kila mara. Na tundu pana kwenye sensa kubwa lina kero yake, ambayo tutakutana nayo kwenye jaribio la karatasi.

Idadi ya lenzi nyuma ya simu ndiyo sehemu yenye udanganyifu wa rejareja. Ukiona "kamera nne", fungua sifa za kila moja. Kamera kuu na lenzi pana, ile inayoingiza eneo kubwa kwenye picha, ni halali. Ya tatu ikiwa ya megapikseli 2 kwa "makro" (vitu vya karibu sana) na ya nne ya megapikseli 2 kwa "kina" (kupima umbali), hizo mbili zimewekwa ili duara zionekane nyingi. Simu yenye lenzi mbili nzuri inaishinda hiyo bila ubishi.

Zuumu: tafuta maneno "ya macho" kwenye karatasi, yaani inayofanywa na lenzi yenyewe, au milimita za lenzi, ambazo zikizidi lenzi huvuta mbali zaidi. Kamera kuu huwa karibu milimita 24, kwa hiyo lenzi ya mbali ya milimita 72 ni mara 3, na ya 120 ni mara 5. Kila kinachozidi hapo ni kukata picha na kuikuza. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya zuumu unayoitaka kwa zuumu ya macho, jibu lizidishe kwa lenyewe, halafu gawanya megapikseli kwa namba hiyo. Lenzi ya mara 5 yenye megapikseli 50 ikivutwa hadi mara 100 imekatwa mara 20 kwa upana na mara 20 kwa kimo. 50 gawanya kwa 400 ni megapikseli 0.125. Kilichobaki unachokiona kimechorwa na programu.

Jina la kampuni maarufu ya lenzi pembeni ya kamera, kama Zeiss, Leica au Hasselblad, ni ishara ya ushirikiano. Mara nyingi ushirikiano huo unahusu namna rangi zinavyopangwa na viwango vya ukaguzi. Inaweza kuwa kazi nzuri sana, ila haina maana kwamba lenzi imetengenezwa kwenye kiwanda cha jina hilo.

Hatua ya 3: Lichunguze tangazo lenyewe

Soma maandishi madogo chini ya tangazo kabla hujatazama picha. Maneno ya kuyawinda ni "hadi", "picha ya kuigiza", "kwa vifaa vya ziada" na "kwenye mazingira ya maabara". Neno "hadi" ndilo linalofanya kazi kubwa kuliko yote: hadi mara 100, hadi wati 100, hadi saa kadhaa. Maana yake ni kwamba huko ndiko juu kabisa, na chini hakujatajwa.

Historia ya matangazo haya inatosha kukupa tahadhari. Septemba 2012 Nokia ilitangaza simu yake ya Lumia 920 kwa video ya vijana wakiendesha baiskeli, ikionyesha jinsi simu inavyotuliza mtikisiko. Kwenye dirisha moja la kando ya njia ukaonekana mwakisi wa gari la wapiga picha lenye kamera kubwa, na kampuni ikaomba radhi. Mwaka 2016 Huawei iliweka mtandaoni picha ya kupendeza kwenye maelezo ya simu yake ya P9. Taarifa zilizofichwa ndani ya faili zikaonyesha imepigwa kwa Canon EOS 5D Mark III, kamera kubwa ya kitaalamu, nayo ikaiondoa. Mwaka 2023 Apple ilirekodi onyesho lake zima kwa iPhone, na hapo hapakuwa na uongo, maana ilionyesha yenyewe vilivyotumika: taa kubwa za studio, vishikizi, kreni na mafundi wa kazi hiyo. Wewe ukinunua unapata simu tu.

Kinachofaa ni hiki: tafuta picha za majaribio ambazo faili lake halijaguswa, zilizopigwa na watu wasiouza simu hiyo, ukaziangalie kwenye kompyuta. Bonyeza faili, fungua sifa zake, uone kama jina la simu, ISO na kasi ya shata vipo. Picha isiyo na taarifa hizo si lazima iwe ya uongo, kwani mitandao mingi huzifuta, lakini haiwezi kuwa ushahidi wa kununulia. Kisha ikuze hadi asilimia 100 na uangalie kona, nywele na majani. Katikati ya picha kila simu ni hodari.

Hatua ya 4: Dakika 15 dukani

Nenda na simu yako ya sasa, kitambaa safi, karatasi yenye maandishi madogo na mtu mmoja wa kukusaidia. Pangusa lenzi ya simu ya maonyesho kwanza, maana imeshikwa na watu wengi na mafuta ya vidole hufanya taa zote ziwe na ukungu. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime urembo wa sura, ambao kwenye simu kadhaa huja umewashwa, na uzime kitambua mandhari cha akili mnemba kama kinazimika. Usiingize akaunti yako kwenye simu ile, na ukimaliza futa picha zako hadi kwenye kapu la zilizofutwa.

Anza na mwendo. Sogea kwenye kona yenye mwanga hafifu kuliko zote, mwambie mwenzako apite mbele yako kwa mwendo wa kawaida huku akipunga mkono. Piga picha 10 kwa simu ya duka na 10 kwa ya kwako. Hesabu ni ngapi ambazo vidole vinaonekana kimoja kimoja. Halafu fungua taarifa za picha hizo. Ukikuta shata ya 1/30 ya sekunde, simu imechagua picha isiyo na chembechembe badala ya picha isiyo na ukungu, na kwa mtu anayetembea hiyo ni ndogo mno. 1/125 huanza kufaa, na kwa anayekimbia utahitaji 1/500. Simu mbili zenye sensa ileile zinaweza kutofautiana hapa kabisa, kwa sababu uamuzi huo ni wa programu. Karatasi ya sifa haisemi lolote juu yake. Kama una watoto au mbuzi wa kupiga picha, jaribio hili peke yake lina uzito kuliko mengine yote yakijumlishwa.

Kisha ucheleweshaji. Washa saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu yako, ile inayoonyesha hadi sehemu ya mia, uielekeze simu ya duka hapo, ugonge kitufe saa inapofika 5.00. Picha itaonyesha namba iliyopatikana kweli. Kidole chako nacho hukosea kidogo, hivyo rudia mara 10 na uchukue jibu la katikati. Kwenye mwanga mzuri simu nyingi hukaribia sifuri, kwa kuwa zinahifadhi fremu hata kabla hujabonyeza. Rudia kwenye kona yenye giza, na mara ya tatu kwa modi ya megapikseli zote. Hapo utaona kwa nini watu huiwasha modi hiyo siku ya kwanza na kuisahau.

Lenzi ya mbali ina jaribio lake, na wauzaji huwa hawalipendi. Weka zuumu kwenye mara 3 au mara 5, kulingana na lenzi ilivyo. Elekeza kwenye kitu, kisha ziba kwa kidole lenzi moja moja nyuma ya simu huku ukitazama kioo. Ukiziba lenzi ya mbali na kioo kisiwe cheusi, simu haiitumii. Inakata picha ya kamera kuu na kukuonyesha alama ya mara 5 vilevile. Hufanya hivyo kwenye mwanga hafifu, kwa kuwa sensa ya lenzi ya mbali kwa kawaida ni ndogo, na hufanya hivyo kitu kikiwa karibu mno kwa lenzi hiyo kufokasi. Ukishaona, rudia ukiwa kwenye mwanga, na ukiwa umbali wa mita moja, kisha mita tatu. Sasa unajua lenzi hiyo inafanya kazi wapi.

Kwa zuumu kubwa, piga bango la mbali lenye maneno usiyoyajua. Usipime kwa mwezi. Mwaka 2023 mtumiaji mmoja wa mtandao wa Reddit alitia ukungu picha ya mwezi, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta, akaipiga kwa simu ya Samsung kutoka mbali gizani, nayo ikamrudishia mashimo na mabonde ambayo hayakuwa kwenye kioo. Samsung ikaeleza hadharani kwamba kitambua mandhari chake hujifunza sura ya mwezi na kuongeza undani. Mwezi hauna sura nyingi, hivyo ni rahisi kuukariri. Maneno ya bango lisilojulikana hayakaririki: programu ikikisia utaona mistari inayofanana na herufi lakini haisomeki.

Karatasi yenye maandishi madogo ipige kutoka sentimita 20 hivi, ikiwa bapa mezani. Hapa ndipo ile kero ya sensa kubwa yenye tundu pana inapojitokeza: katikati panasomeka, pembeni herufi zinayeyuka, au kamera inakataa kabisa kufokasi na kuhamia lenzi pana bila kukuuliza. Dawa ni kurudi nyuma hadi sentimita 40 na kutumia mara 2. Ikisomeka kona hadi kona, sawa. Isiposomeka, na wewe ni mtu wa kupiga nyaraka kila siku, simu ya bei ya chini yenye sensa ndogo inaweza kukufaa zaidi.

Nyuso. Msimamishe mwenzako mgongo kwa mlango au dirisha lenye mwanga, piga. Uso uonekane bila kuwa kama umemulikwa taa, na nje pasiwe peupe tupu. Halafu piga watu wawili wenye rangi tofauti za ngozi ndani ya fremu moja, na uifananishe picha na watu wenyewe waliosimama mbele yako. Kosa la kawaida ni ngozi nyeusi kupauka hadi kuwa ya kijivu, au kung'arishwa bila kuombwa. Kampuni zimechelewa kulishughulikia. Google ilianza kulitangaza kama kazi maalumu kwenye simu yake ya Pixel 6 mwaka 2021 kwa jina la Real Tone. Jina la kipengele halithibitishi kitu. Uso ulio mbele yako ndio kipimo.

Usihukumu lolote kwa kioo cha simu ya duka. Vioo vya sasa huongeza mng'aro kwenye sehemu angavu za picha, na picha hiyohiyo ikifunguliwa kwenye simu nyingine inapoa. Itume kwenye simu yako kwa Bluetooth au kebo, ifungue hapo, kisha amua.

Hatua ya 5: Wiki ya kwanza nyumbani

Umenunua. Tunza boksi na risiti, na usibandike chochote kwenye lenzi bado.

Jaribio la kona ndilo la kwanza, kwa sababu lenzi za simu ni ndogo sana na kosa la kuzipachika likiwa dogo mno nalo linaonekana. Bandika kurasa tano za gazeti ukutani: moja katikati, nne kwenye kona za eneo ambalo kamera inaliona. Egemeza simu kwenye rundo la vitabu, sambamba na ukuta, weka kihesabu cha sekunde 3 ili kidole kisitikise, piga picha 3 mchana kwa kila lenzi. Kuza kila kona. Kona zote kulegea kidogo kuliko katikati ni kawaida. Upande mmoja kulegea kuliko mwingine ni dalili, ila usikimbilie dukani: geuza simu juu chini, piga tena. Ukungu ukibaki upande uleule wa ukuta, simu haikuwa sambamba. Ukihama pamoja na simu, lenzi imekaa upande, na hilo ni kosa la kiwandani. Hifadhi picha hizo.

Usiku, piga taa moja ya barabarani ikiwa kona ya fremu. Vidoa vya kijani upande wa pili ni mwakisi ndani ya lenzi. Karibu kila simu inao na hautengenezeki. Ukungu mpana unaofunika nusu ya picha baada ya kupangusa lenzi ni jambo jingine, rudisha.

Video irekodi dakika 10 mfululizo kwa ubora wa juu utakaoutumia kweli, ukiwa nje mchana. Angalia kama kioo kinafifia, fremu zinaruka, au simu inasimamisha kurekodi kwa joto. Angalia na nafasi iliyoliwa. Kwenye iPhone, mipangilio yenyewe hukadiria MB 170 kwa dakika ya 4K yenye fremu 30, na MB 400 ikiwa fremu 60, kwa mfumo wa kubana wa HEVC. Hizo dakika 10 za fremu 60 ni GB 4. ProRes ya 4K, mfumo wa video inayobanwa kidogo tu unaotajwa sana kwenye matangazo, hula GB 6 kwa dakika moja, na ndiyo maana iPhone 13 Pro ya GB 128 ilizuiwa kuirekodi zaidi ya 1080p, ubora ulio chini ya 4K. Kipengele kipo kwenye tangazo, nafasi yake inauzwa kando.

Rekodi pia ukitembea ndani ya nyumba usiku. Kama taa na kingo za vitu zinatetema wakati fremu imetulia, ni kituliza mtikisiko cha programu: kinazipanga fremu vizuri, lakini ukungu wa kila fremu umeshaingia na hautoki. Michirizi myeusi inayopanda na kushuka inatokana na taa kuwaka na kuzima kwa kasi ya umeme. Penye umeme wa hezi 50, weka shata 1/50 au 1/100 kwenye modi ya kitaalamu. Penye hezi 60, 1/60 au 1/120.

Vitu vinavyoharibu kamera nzuri

Kioo cha kulinda lenzi ndicho cha kwanza. Kinaongeza nyuso mbili za kuakisi, vumbi huingia katikati, na usiku kila taa hupata mzimu wake. Ukiona ukungu wa ghafla, kibandue kabla ya kumlaumu fundi. Kava lenye sumaku karibu na kamera nalo lina matata yake, maana kituliza mtikisiko cha lenzi hufanya kazi kwa sumaku.

Pikipiki je? Septemba 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki, ukipitishwa kupitia usukani na fremu, unaweza kuharibu kituliza mtikisiko na fokasi. Simu ikae mfukoni, au ifungwe kwenye kishikizi chenye mpira wa kumeza mtetemo. Sauti ndogo ya kucheza ndani ya kamera ukiitikisa simu, kwa upande mwingine, ni lenzi inayoelea, na si ubovu.

Lini usinunue simu mpya kabisa

Fungua sifa za toleo la mwaka jana, uziweke kando ya la mwaka huu, mstari kwa mstari: ukubwa wa sensa kuu, tundu, lenzi ya mbali, sensa ya lenzi pana. Mara nyingi mistari mitatu kati ya minne inafanana, na kilichobadilika ni programu, ambayo huenda ikaletwa kwenye la zamani kwa sasisho. La kuangalia kwenye la zamani ni miaka ya masasisho iliyobaki, ukihesabu kuanzia lilipotoka, wala si tangu ulipolinunua. Google iliahidi miaka 7 kuanzia Pixel 8 ya 2023, na Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Toleo la bei ya chini la kampuni hiyohiyo linaweza kuwa na ahadi fupi zaidi.

Na kama hesabu yako ya Hatua ya 1 ilionyesha ndege, mpira wa miguu au harusi za usiku, linganisha bei ya simu ya juu kabisa na ya kamera iliyotumika yenye lenzi inayobadilishwa, pamoja na simu ya wastani. Eneo la sensa halidanganyi, na shata ya 1/500 gizani inataka mwanga ambao simu haina pa kuupokelea.

Zile picha za kurasa za gazeti ukutani zihifadhi nje ya simu, na uandike ulikuwa umbali gani na umetumia lenzi gani. Simu ikianguka, au ikirudi kutoka kwa fundi, bandika kurasa tano tena umbali uleule, upige, na uzifungue picha mbili kandokando. Kona iliyokuwa inasomeka na sasa haisomeki utamwonyesha fundi kwa kidole.